Kabla jina halijafutwa: mwongozo wa kumrudisha mtoto shule, na njia ya kazi kwa aliyekwisha kutoka

Gereji yangu ina vijana wanne, na watatu kati yao waliacha shule njiani. Mmoja anaweza kusimama kando ya gari likiunguruma akakwambia silinda ipi haichomi kabla hujafungua boneti. Tatizo ni kwamba magari ya siku hizi yanapimwa kwa mashine. Unaichomeka chini ya usukani, inakuletea herufi, tarakimu na mstari wa Kiingereza. Hapo ndipo mikono yake inaposimama. Humwita mwenzake aliyefika kidato cha nne, mdogo wake kwa umri na kwa ufundi, aje amsomee.

Mwaka juzi kampuni moja ya malori ilikuja mtaani kutafuta mafundi wa kudumu, wa mshahara na bima. Walimjaribu yule mwenye masikio, wakamsifu mbele ya watu, kisha wakaomba cheti. Wakaondoka na yule msomaji.

Nimekaa pia kwenye kamati ya shule ya msingi ya mtaa wetu kwa vipindi viwili, kwa hiyo watoto hawa nimewaona wakitoka upande mmoja na wakiibukia upande wa pili. Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara, maana Zanzibar ina utaratibu wake. Ni wa mzazi, mlezi, mjomba, mwalimu, na kijana mwenyewe. Kama mtoto wako ndiyo kwanza anaanza kukosa siku mojamoja, anzia hatua ya 1. Kama kijana ana miaka 20 na shule aliiacha zamani, nenda moja kwa moja hatua ya 5.

Hatua ya 1: Soma daftari kabla hujamsikiliza mtu

Mtoto haachi shule siku moja. Anakosa leo, anakosa wiki ijayo, anazoea. Na nyayo zake zote ziko kwenye daftari la mahudhurio. Nenda shuleni, mwombe mwalimu wa darasa akuonyeshe miezi mitatu ya nyuma. Jumla ya siku alizokosa haitakwambia mengi. Tazama zimeangukia siku gani.

Kwetu mnada ni Alhamisi. Mwaka mmoja tulifungua daftari la darasa la sita kwenye kikao cha kamati, tukakuta alama za utoro zimejipanga kwenye safu ya Alhamisi kama siafu. Watoto wale hawakuwa wagonjwa wala wakorofi. Walikuwa mnadani wakiswaga mbuzi, wakiuza mifuko na maji, wakibeba mizigo ya wachuuzi. Anayekosa Jumatatu na Ijumaa, mara nyingi anatoka mbali. Anayeonekana asubuhi akatoweka mchana, ulizia chakula. Binti anayekosa siku nne au tano kila mwezi, kamuulizie kwa mwalimu wa kike, na ukiwa hapo tembea hadi vyooni uone kama kuna maji na kama mlango unafungika.

Kuna kipindi ambacho daftari halikioni kabisa. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Miezi yote hiyo mtoto yuko nyumbani bila sare, bila kengele, bila mwalimu wa kumuuliza. Hapo ndipo anatokea shangazi wa mjini anayetafuta binti wa kazi, au kaka mwenye mtumbwi wa dagaa. Januari ikifika jina liko kwenye orodha ya waliochaguliwa, mwenye jina yuko Dar es Salaam analea mtoto wa watu. Kama una mtoto wa darasa la saba, panga mapema miezi hiyo ataishi wapi na atafanya nini. Kumpa nafasi ya kusoma Kiingereza kwa miezi mitatu ndiyo matumizi bora zaidi, na sababu yake utaiona hatua ya 3.

Mtoto akitoweka siku 90 mfululizo bila taarifa, shule humhesabu kuwa ameacha, na kumrejesha kunakuwa kazi ya barua. Mimi natumia kipimo kifupi zaidi: siku tatu, mwalimu apige simu, wiki mbili, mtu afike nyumbani kwa miguu yake. Baada ya mwezi mtoto ameshapata marafiki wapya, na shule ameanza kuiita "kule".

Hatua ya 2: Ulizia pesa

Wengi huanza na swali "kwa nini umeacha shule?" Mtoto atakujibu lolote la kukuondoa. Swali linalofungua mazungumzo ni hili: huko unapata shilingi ngapi, na unampa nani?

Chukua mfano wa kukadiria. Kijana wa kidato cha pili anaendesha bodaboda ya mtu. Kwa siku anakusanya 20,000. Hesabu ya mwenye chombo ni 8,000, mafuta 5,000, anabaki na 7,000. Kwa siku 25 za mwezi ni 175,000. Kwa mvulana ambaye jana alikuwa anaomba hela ya daftari, huo ni utajiri, na ukimwambia elimu ni ufunguo wa maisha atakucheka kimoyomoyo.

Kaa naye mkazitoe pamoja, kwa kalamu: chakula cha kijiweni, pancha, faini ya trafiki, siku za mvua, siku ambayo mwenye pikipiki ameichukua aende msibani. Mara nyingi ile 175,000 inashuka chini ya laki. Kisha mwulize mkongwe wa pale kijiweni anatoza kiasi gani kutoka stendi hadi hospitali. Mwenye miaka 17 na mwenye miaka 38 wanatoza nauli ileile. Hiyo ndiyo siri ya kazi nyingi zinazomngoja aliyeacha shule, iwe kupiga zege, utingo, upagazi sokoni au kazi za ndani: zinalipa siku ya kwanza, lakini hazipandi. Mwenzake aliyebaki darasani yuko nyuma yake kwa pesa leo, na ana ngazi ya kupanda.

Sasa lile swali la pili, anampa nani. Kama pesa inaishia kwenye viatu na bando, mnabishana na tamaa, na tamaa huzungumzika. Kama inanunua unga wa nyumbani, acha mawaidha, maana unamwomba mtoto alale njaa. Hapo tafuta cha kuziba pengo. Kaya iliyo maskini kabisa iulizie utaratibu wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Ruzuku yake kwa kaya zenye wanafunzi imefungamanishwa na mahudhurio. Kwa mtoto aliyefikisha miaka 14, tafuteni kazi nyepesi ya Jumamosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya umri huo, na aliyefikisha 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru na isiyomzuia kwenda shule. Mwenye gereji mwenzangu unayewaita watoto asubuhi ya Jumanne waje kuosha spea kwa petroli, nakutazama wewe.

Hatua ya 3: Zungumza na mtoto peke yake, kisha mzazi

Fanya kwa mpangilio huo. Mbele ya baba yake mtoto atasema "nitarudi", na hatarudi.

Usimkute kijiweni mbele ya wenzake. Mtafute jioni, kaeni mahali, mwache ale kwanza. Mimi husema: "Mwanangu, sijaja kukurudisha. Nimekuja unieleze siku ya mwisho uliyokaa darasani ilikuwaje." Siku ya mwisho ina majibu. Mmoja aliniambia aliitwa mbele asome aya ya Kiingereza, akakwama kwenye neno la tatu, darasa zima likaangua kicheko. Kesho yake alipitiliza getini. Miaka saba amesoma kwa Kiswahili, amefaulu, Januari anaingia kidato cha kwanza na karibu kila somo linafundishwa kwa lugha asiyoijua. Wengi tunaowaita watoro wa kidato cha kwanza na cha pili ni watoto waliochoka kukaa kimya saa nane kwa siku. Dawa yake si kumpeleka kwa mtendaji. Ni mwalimu au kijana wa kidato cha nne wa kumsomesha Kiingereza saa moja kila jioni kwa muhula mmoja, na makubaliano na mwalimu wa darasa asiitwe kusoma kwa sauti hadi awe tayari.

Zipo siku za mwisho nyingine: bakora za kuchelewa kwa anayetembea saa mbili, mchango uliomrudisha nyumbani, mimba. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa tangu Januari 2016, lakini sare, viatu, madaftari na debe la mahindi ya chakula havikuondoka. Waulize walimu wakuu. Wengi wanajua kabisa ni familia zipi zinashindwa, na wengine huweka kando sare za waliomaliza.

Kwa mzazi, nenda na mtu anayemheshimu, awe shehe, mchungaji, balozi au mjomba wa mtoto. Usiende na karatasi mkononi, atadhani ni mashtaka. "Shikamoo mama, tumekuja kwa habari ya kijana wetu" inafungua mlango ambao "mtoto wako ni mtoro" inaufunga. Uwe tayari kusikia jambo gumu. Kuna wazazi waliomwambia mtoto aandike majibu ya ovyo kwenye mtihani wa darasa la saba ili asichaguliwe, kwa sababu ng'ombe hawana mchungaji au mchumba ameshaleta posa. La ng'ombe mnaweza kulijadili. La posa ni jinai: tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumuoa mwanafunzi au kumpa mimba kuna adhabu ya kifungo cha miaka 30. Lisemeni kwa upole, lakini lisemeni, na ofisi ya ustawi wa jamii ijue siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Mrudishe kwa karatasi, usimrudishe kwa mdomo

Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi katika shule rasmi. Kabla ya hapo, binti aliyepata mimba alikuwa amekwisha. Bado utakutana na mtu ofisini anayekwambia "huyo ameshafutwa, haiwezekani". Usigombane naye. Mwambie unaomba kurejesha mwanafunzi kwa mujibu wa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, na umwombe akuandikie jibu lake. Nimeona sauti zikibadilika pale tu neno "niandikie" linapotajwa.

Beba cheti cha kuzaliwa, ripoti ya mwisho ya masomo, namba yake ya PReM, yaani namba ya kumtambulisha mwanafunzi, kama unayo (shule aliyosoma inayo), na barua fupi ya mzazi. Anza na mkuu wa shule. Akikwama, nenda kwa afisa elimu kata, kisha ofisi ya elimu ya halmashauri. Usiruke ngazi, watakurudisha chini na wiki zitapotea. Kama shule ile ndiyo alikochekwa au alikozushiwa gumzo, omba uhamisho kwenda nyingine. Kwa binti aliyejifungua, swali la nani atabaki na mtoto mchanga litatuliwe kabla ya siku ya kwanza. Likiachwa, atarudi darasani wiki tatu na kutoka tena, na mara ya pili haombwi.

Wiki mbili za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote. Mtu mmoja shuleni awe ndiye wake: mwalimu anayejua habari yake na anayemtafuta kwa macho kila asubuhi. Hiyo tu.

Hatua ya 5: Umri umepita? Kuna mlango wa pembeni

Kijana wa miaka 16 hawezi kukaa na watoto wa darasa la tano, na asilazimishwe. Kwa aliyekosa elimu ya msingi upo MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, ambao hufupisha miaka na kuendeshwa kwenye shule za kawaida. Kwa sekondari, nenda ofisi ya mkoa ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa mwaka 1975. Masomo ya kidato cha kwanza na cha pili husomwa kwa mwaka mmoja, cha tatu na cha nne mwaka mwingine. Ulizia kituo kilicho karibu nawe na saa zake, kwa sababu vipo vinavyofundisha jioni, na mwenye kazi anaweza kusoma bila kuiacha.

Kijana asiyefika kidato cha nne anaanza na Mtihani wa Maarifa, ambao watu huuita "QT". Akifaulu, mwaka unaofuata au baadaye anaweza kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Yule aliyemaliza kidato cha nne na kupata sifuri haanzi upya. Anarudia masomo anayoyahitaji. Na hapa ujue unatafuta nini. Kuingia chuo cha kati ngazi ya cheti kunahitaji ufaulu wa D nne, masomo ya dini hayahesabiwi. Mtu mzima mwenye kazi asibebe masomo tisa. Abebe matano au sita anayoyaweza, ayapige vizuri.

Watu huniuliza kama karatasi ile ina thamani yoyote wakati wenye digrii wako mtaani. Nawakumbusha yaliyotokea serikalini. Waraka wa utumishi ulioanza tarehe 20 Mei 2004 uliweka kidato cha nne kuwa kiwango cha chini cha kuajiriwa. Uhakiki wa vyeti ulipofika mwaka 2017, watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na katika wimbi hilohilo wakaondolewa pia watumishi wa darasa la saba: madereva, wahudumu, walinzi, watu waliokuwa wanaifanya kazi yao vizuri tu. Mwaka uliofuata serikali iliamua walioajiriwa kabla ya ile tarehe warudishwe kazini. Walioingia baadaye bila cheti, kazi iliishia hapo. Hadi leo tangazo la dereva wa halmashauri linaanza na kidato cha nne, leseni inafuata.

Hatua ya 6: Geuza ujuzi wa mtaani uwe cheti

Hii ndiyo hatua inayojulikana kidogo na inayosaidia haraka. VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi aliyejifunza kwenye gereji bubu, kwa seremala, jikoni au kwenye ujenzi hapelekwi darasani kuanza A. Anapimwa kwa kazi yenyewe, anaulizwa maswali, anaelekezwa pale penye upungufu, na akifaulu anapewa cheti cha fani yake. Fomu na tarehe ziulize chuo cha VETA kilicho karibu nawe.

Wanaofeli, kwa nilivyoona, huangushwa na mambo madogo wasiyoyafanya kila siku: kuvaa miwani na glovu, kutaja jina sahihi la kifaa badala ya "hiki kidude", kusoma kipimo. Kijana wangu, yule mwenye masikio, alijiandaa kwa daftari la kawaida la mistari. Kila jioni aliandika gari aina gani, lilikuwa na shida gani, amefanya nini, ametumia spana namba ngapi. Mwanzoni mistari miwili ilimchukua nusu saa na ulimi nje. Baada ya miezi mitano alikuwa na daftari la kumwonyesha mpimaji, na bila kutangaziwa alikuwa amerudia kusoma na kuandika.

Kwa asiye na fani yoyote bado, tazama kozi za VETA, ambapo fani kadhaa hupokea waliomaliza darasa la saba, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Hivi vya pili viko 54, vingi vijijini, na watu hupita mbele ya geti wakidhani ni vya kina mama wa cherehani. Baadhi hupokea wasichana wenye watoto na vina mahali pa kuwalea watoto hao wakati mama yuko darasani. Chagua fani kwa kutazama nani atakulipa katika wilaya yako. Kozi ya umeme wa magari mahali penye pikipiki tupu itakupa cheti na njaa.

Hatua ya 7: Mtaji, mwishoni kabisa

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mnajiunga kikundi, mnakisajili kwa afisa maendeleo ya jamii, mnafungua akaunti benki. Nimeweka hatua hii mwisho makusudi. Nimeona vikundi vilivyoundwa wiki moja ili kupata mkopo, vikanunua pikipiki tatu, vikagombana kabla ya rejesho la pili. Kaeni kwanza miezi sita mkichangishana wenyewe kwa wenyewe. Atakayeshindwa kuleta 2,000 kwa wiki hatalipa mkopo.

Kalenda ya kubandika ukutani

Usajili wa Mtihani wa Maarifa na wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka kwenye vituo vya mitihani, na anayechelewa hulipa faini juu ya ada. Kwa hiyo ada ianze kuwekwa kando Oktoba. Gereji kwangu ada ya yule mwenye masikio inakatwa kidogokidogo kila Jumamosi na kuandikwa nyuma ya lile daftari la kazi, chini ya sahihi yake. Cheti cha VETA ameshakipata. Januari hii alikwenda kujisajili QT kwa hela yake. Masomo ya jioni yanaanza saa kumi na moja, na tangu hapo gari likiletwa saa kumi na nusu namwambia mteja alilaze hadi kesho.